Nyimbo za jadi za Uingereza: sauti kavu, habari nzito. Njooni tuzijadili

Mpagazi wa Sheffield #1

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Sheffield, kaskazini mwa England, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni kulea wazee. Nilipofika nilikuwa na imani ambayo najua wengi wenu mnayo: kwamba Waingereza hawana ngoma. Wana bendi za gitaa, wana kwaya za kanisani, wana nyimbo za mpira, basi. Cha asili walikizika zamani walipojenga viwanda.

Msimu wangu wa kwanza wa baridi, jirani yangu fundi bomba akanigongea mlango. Vaa koti zito, tunakwenda Dungworth. Ni kijiji juu milimani, nje kidogo ya mji. Ilikuwa Jumapili mchana. Tukaingia baa, imejaa mpaka mlangoni, watu wameshika glasi zao kifuani kwa kukosa pa kuziweka. Mzee mmoja kwenye kinanda akagusa sauti mbili tatu, na chumba kizima kikalipuka. Hawakuimba kilevi. Besi kona ile, wanawake wanapanda juu, wengine wanajibu nyuma, hakuna karatasi mkononi, hakuna mtu wa kupunga kijiti mbele. Wimbo ulikuwa ule wa wachungaji waliokesha wakilinda kondoo. Wakamaliza, wakanywa, wakauanza upya: maneno yaleyale, tuni nyingine kabisa. Baadaye tena, tuni ya tatu. Nikarudi nyumbani masikio yanavuma.

Nikaanza kuuliza. Kumbe zamani makanisa mengi ya vijijini yalikuwa na vikundi vyao: fidla, filimbi, ala za besi, waimbaji wamepanda roshani ya nyuma. Karne ya 19 wachungaji wapya wakaona zile ni kelele. Wakaleta kinanda cha kanisa na kwaya ya kanzu nyeupe. Wale wa roshani hawakugombana sana, walibeba nyimbo zao wakaenda nazo baa. Mpaka leo kuanzia katikati ya Novemba hadi Krismasi ipite, Yesu anazaliwa kila Jumapili kati ya mapipa ya bia.

Tangu hapo nimekuwa nikiufuatilia muziki huu. Niko zamu ya usiku, nitashusha vipande vipande. Atakayekuwa na swali asisubiri.

Chumvi ya Pemba #2

Nimekaa mbele kabisa na mkeka wangu. Shusha.

Dereva_Msata #3

Sukari imepanda bei, mkuu unatuletea kwaya za Wazungu. Haya, endelea, nipo foleni hapa sina la kufanya.

Mpagazi wa Sheffield #4

Kwanza sauti yenyewe, maana ndiyo inayowafukuza wengi.

Ukitafuta mtandaoni waimbaji wa zamani waliorekodiwa, mfano Harry Cox, kibarua wa mashambani huko Norfolk (1885–1971), dakika ya kwanza utadhani mzee anasoma risiti. Hana ala. Hatetemeshi sauti. Hapandishi mkazo pale msichana anapouawa, hashushi pale anapozikwa. Uso haubadiliki. Wimbo ukiisha, umeisha, wakati mwingine neno la mwisho analisema tu bila kuliimba, ili ujue amerudi kuwa mtu wa kawaida.

Mimi nilikulia kwa bibi aliyekuwa akisoma tenzi. Nikamsikiliza Cox mara ya tatu, nikashtuka: huyu anafanya kile alichokuwa akifanya bibi! Msomaji wa utenzi halii. Anaweza kusoma habari ya kifo cha Mtume, wanaosikiliza wanafuta machozi, yeye sauti yake inakwenda vilevile kama maji ya mfereji. Anajiondoa njiani ili kisa kipite. Hawa nao ndivyo. Ukiona mwimbaji wa jadi wa Kiingereza anafumba macho na kusikitika sana, ujue kaja juzi.

Jambo la pili ni ngazi za sauti. Muziki tuliouzoea redioni una mlango wa furaha na mlango wa huzuni. Nyimbo hizi nyingi hazipiti kwenye milango hiyo. Chukua kinanda, piga vibao vyeupe tu kutoka re hadi re ya juu. Hiyo ni ngazi mojawapo wanayoipenda. Ina kivuli, lakini pale juu kuna noti moja iliyonyanyuka ambayo inakataa kulia. Sasa piga kutoka sol hadi sol: inaanza kwa uchangamfu, ila karibu na mwisho inalegea, kama mtu aliyekuwa akicheka akakumbuka deni. Kwa Waskoti utakuta sana ngazi ya sauti tano, na hiyo sikio la Mwafrika halihitaji kufundishwa.

Fidla Mbovu #5

Mkuu hapo umegusa kazi yangu, nimepiga fidla kwenye kikundi cha taarabu miaka kumi na moja. Swali: hizo noti wanaziimba sawasawa na kinanda, au wanazikunja? Maana ukisema "vibao vyeupe" unanipa wasiwasi.

Mpagazi wa Sheffield #6

@Fidla Mbovu umenikamata vizuri. Hawaziimbi sawasawa.

Mwaka 1906 mpiga piano Percy Grainger, mzaliwa wa Australia, alikwenda jimbo la Lincolnshire na fonografu, ile mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Wenzake wote walikuwa wakiandika nyimbo kwa penseli. Mwimbaji anaimba, bwana anaandika noti, na noti ikishakaa kwenye mistari mitano inakuwa imenyooka hata kama mdomoni ilikuwa imepinda. Mashine haikumstahi mtu. Grainger alipoirudia polepole akakuta mzee Joseph Taylor, aliyekuwa na miaka zaidi ya 70, anacheza na noti ya tatu na ya saba: mara ipo juu, mara chini, mara katikati ambako piano haina kibao. Mapigo nayo hayalingani. Ubeti wa kwanza anavuta hapa, wa pili anavuta kule, kwa sababu maneno yamebadilika na yeye anafuata maneno. Grainger akaandika kila mkunjo. Wenzake wakaona amezidisha. Leo silinda zile ndizo zinazosikilizwa, na mwaka 1908 kampuni moja ya rekodi ya London ilimwita Taylor akarekodi, jambo ambalo watu wa kijijini kama yeye hawakuwa wakifanyiwa.

Fidla Mbovu #7

Basi ni watu wa kwetu. Noti ya katikati ndiyo roho ya rasti na bayati, zile ngazi zetu za taarabu. Nimeridhika.

Nipo Maskati #8

Na yale mazumari ya mfuko ya Scotland? Huku Oman jeshi linayo. Sherehe za taifa unaona askari wanapiga, wengine wamepanda ngamia, na mabegi yamepambwa rangi. Waingereza waliacha hilo na wenyeji wakalipenda. Nilidhani ndio muziki wa jadi wenyewe.

Mpagazi wa Sheffield #9

Ni sehemu yake, ila ile ya jeshi ndiyo iliyosafiri kwa sababu jeshi ndilo lililosafiri. Mnaolijua zumari la mwambao mtaielewa haraka: ule mrija wa kuchezea vidole una ulimi wa matete mawili, kama zumari letu. Una noti tisa tu. Mirija mitatu mirefu ya begani inashika sauti moja bila kupumua. Mfuko unaendelea kutoa hewa, kwa hiyo mpigaji hana nafasi ya kunyamaza. Sasa atatenganishaje noti mbili zinazofanana? Anachomeka vinoti vidogo vya haraka katikati. Ule mchachariko mnaousikia haukuwekwa kwa mapambo, ni dawa ya ala isiyojua kimya.

Kusini kidogo, Northumberland, wana ya kwao ndogo ya kuchezea ndani ya nyumba. Haipulizwi kwa mdomo, ina mvukuto unaobanwa kwapani, na mrija wake umezibwa mwisho. Ukifunika matundu yote mrija huo unanyamaza. Basi kila noti inatoka peke yake, tone tone, kama mvua inapoanza kwenye bati. Msikilizeni Kathryn Tickell. Mimi hiyo naiweka juu ya ile ya askari, Waskoti wanisamehe.

Kingine ni fidla, na konsatina, kile kikodiani kidogo cha pembe sita kinachofunguka kama taa ya karatasi. Ala hiyo ndiyo iliyoanzisha mambo makubwa. Tarehe 26 Desemba 1899, nje kidogo ya Oxford, mafundi ujenzi wa Headington Quarry walitoka kucheza ngoma yao ya morris. Haikuwa msimu wake, msimu wao ni majira ya joto, lakini baridi ilikuwa imewasimamishia kazi na walihitaji senti. Mpiga konsatina alikuwa William Kimber, fundi matofali. Mwalimu wa muziki Cecil Sharp alikuwa mgeni kwenye nyumba waliyochezea. Aliwaona kupitia dirishani, kesho yake akamwita Kimber ampigie, naye Sharp akaziandika tuni zake.

Wachezaji wa morris huvaa nguo nyeupe, leso mikononi, na miguuni njuga. Ndiyo, njuga, zimefungwa chini ya magoti. Mara ya kwanza nilisikia mshindo wao kabla sijawaona, nikageuka nikitafuta Wasukuma.

Mama Chapati Nakuru #10

😂😂 Wasukuma Sheffield! Endelea kaka. Hizi nyimbo zinaongea nini lakini? Mapenzi?

Mpagazi wa Sheffield #11

Mapenzi yapo, ila mapenzi yanayoishia kaburini.

Wimbo maarufu kuliko zote ni wa Barbara Allen. Kijana yuko kitandani anakufa kwa kumpenda. Anatuma mtumishi amwite. Binti anakuja taratibu, anafunua pazia, anamwambia: naona unakufa. Basi. Anaondoka, kengele ya msiba inalia njiani, kesho yake naye anakufa. Huambiwi kwa nini alikuwa na moyo mgumu vile. Baadhi ya waimbaji wana ubeti wa kijana kumdharau baa mbele za watu, wengine hawana. Samuel Pepys, afisa wa jeshi la majini, aliandika kwenye shajara yake tarehe 2 Januari 1666 kwamba ameusikia ukiimbwa na mwigizaji, akaufurahia. Hiyo ni miaka 360. Hadi leo unaimbwa, Marekani nako ulivuka na wahamiaji.

Profesa Francis James Child wa Harvard alikusanya visa vya kuimbwa vya aina hii, akavipa namba: 305, vikachapishwa kati ya 1882 na 1898. Wapenzi wa muziki huu hutaja namba kama watu wa dini wanavyotaja sura na aya. Namba 10 ni dada wawili. Mkubwa anamsukuma mdogo mtoni kwa ajili ya mwanamume. Mwili unaibuka kwenye bwawa la kinu cha kusagia. Mpiga muziki anapita, anatengeneza kinubi kwa mfupa wa kifua chake, anatia nyuzi za nywele zake za dhahabu. Anakipeleka kwenye karamu kwa mfalme, anakiweka juu ya jiwe, na kinubi kinapiga chenyewe: dada yangu yule pale ndiye aliyeniua.

Chumvi ya Pemba #12

Weeee. Bibi yangu alikuwa na ngano ya msichana aliyezikwa na wenzake akaota mti, ukiuchuma unaimba "usinichume, usinichume". Sasa nani kamwibia nani?

Mpagazi wa Sheffield #13

Hakuna mwizi dada. Watu wote wenye siri ya mauaji wanaogopa kitu kimoja, kwamba iko siku kitu kisicho na mdomo kitasema.

Angalia na umbo. Ubeti wa visa hivi ni mistari minne. Ukihesabu mizani utakuta takriban nane, sita, nane, sita, vina kwenye wa pili na wa nne. Utenzi wetu ni nane nane, mitatu ina kina kimoja na wa nne unabeba bahari, kile kina kinachorudi kila ubeti. Vipimo viwili tofauti ila kazi ileile: mstari mfupi, habari moja, songa mbele.

Na kuna ule wa shayiri. Watu watatu wanatoka magharibi, wanaapa kwamba bwana John Barleycorn lazima afe. Wanamlimia, wanamfukia, wanamtupia madongo kichwani. Mvua inanyesha, anainua kichwa. Anaota ndevu. Wanamkata magoti, wanamchoma uma, wanamsaga kati ya mawe mawili. Mwisho yumo kwenye bilauri, na yeye ndiye anayewaangusha wao. Baa nzima huitikia hapo, maana ushahidi wameushika mkononi.

Dereva_Msata #14

Huyo nimemkubali. Ni sisi na ulezi tu. Foleni imesogea lakini nimepaki pembeni nisome.

Mama Chapati Nakuru #15

Swali la maana sasa. Waliotunga ni akina nani? Sababu Waingereza tuliowajua hapa Rift Valley hawakuwa vibarua. Walikuja na ramani na bunduki wakasema shamba ni letu.

Mpagazi wa Sheffield #16

Mama Chapati, hapa ndipo nilitaka tufike.

Kabla hawajaja kwenu na ramani, walizizungusha kwao. England ilikuwa na maeneo mengi ya malisho na mashamba ya pamoja: mtu asiye na hati aliweza kuchunga ng'ombe mmoja, kuokota kuni, kutega sungura. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia uzio ardhi ya namna hiyo. Jumla ni kama ekari milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England nzima. Ya pamoja ikawa ya bwana mmoja. Sungura akawa wa bwana. Ukimtega wewe ni mwizi, na mwizi wa wanyama pori aliweza kupelekwa Australia. Usafirishaji wa wafungwa kwenda huko ulianza 1788 ukaisha 1868. Ndiyo maana kuna nyimbo nyingi za kijana aliyetoka usiku na mbwa wake wawili, akakamatwa, sasa analima amefungwa nira kama punda huko Van Diemen's Land, ndiyo Tasmania ya leo. Zipo za vijana waliokamatwa barabarani na kutiwa kwenye manowari kwa nguvu. Upande wa Scotland zipo za Kigaeli, lugha ya kale ya huko, za watu waliofukuzwa mabondeni ili kondoo wapate nafasi.

Zinaimbwa kwa sauti ileile kavu. Mwimbaji hakuambii ukasirike.

Mama Chapati Nakuru #17

Kwa hivyo walifanyiwa, halafu watoto wao wakakuja kutufanyia. Sijui nicheke ama nilie. Nimesoma hiyo mara mbili.

Msema Kweli Kinondoni #18

Mleta mada naona unawapamba sana. Nimesoma kidogo kuhusu huyo Cecil Sharp. Alichagua. Nyimbo za viwandani na za mijini hakuzitaka, alitaka mkulima mzee mwenye mashavu mekundu. Maneno ya chumbani alipochapisha aliyafuta au kuyabadilisha. Halafu akasema hiyo ndiyo roho ya taifa, akaipeleka mashuleni. Huo unaitwa utamaduni wa kutengenezwa.

Mpagazi wa Sheffield #19

Nakubali zaidi ya nusu. Sharp mwaka 1903 alikuwa Hambridge, Somerset, kwa rafiki yake kasisi. Mtunza bustani, jina lake John England (sikutunga, ndilo jina lake), akawa anakata majani huku akiimba wimbo wa mbegu za mapenzi. Sharp akachukua daftari. Jioni ileile wimbo uliimbwa kwenye karamu ya kwaya ukiwa na piano, wageni wakashangilia. Ndani ya saa chache wimbo ulikuwa umevuliwa viatu vya shambani ukavishwa vya ngozi. Mengi ya karne ya 20 yamo katika jioni hiyo.

Mwaka uleule mtunzi Ralph Vaughan Williams alikutana na kibarua mzee huko Essex, Charles Potiphar, akaanza naye kukusanya. Alipata nyimbo zaidi ya 800. Alipopewa kazi ya kuhariri muziki wa kitabu cha nyimbo za kanisa la Kianglikana kilichotoka 1906, akazitia tuni za vibarua humo kimyakimya. Mliosoma shule za misheni na kuimba kwa Kiingereza ule wa mji mdogo wa Bethlehemu, kama tuni yenu ni ya Uingereza na si ya Marekani, basi mliimba tuni ya mvulana wa jembe.

Ila kuna jambo la kukutuliza, mkuu. Hata kabla ya Sharp nyimbo hizi hazikuwa "safi". Karne nyingi wachapishaji wa London na miji mingine waliuza karatasi za nyimbo, senti moja au nusu senti, zinabandikwa ukutani baa. Maktaba ya Bodleian pale Oxford ina karibu 30,000. Mtu anaununua mjini, anauimba kijijini, anasahau ubeti, mwanawe anaongeza, mchapishaji anausikia tena anauchapa upya. Tenzi zetu nazo si zilikuwa hivyo? Mwandishi ana hati ya Kiarabu, msomaji ana kumbukumbu, na hakuna hati mbili zinazolingana.

Msema Kweli Kinondoni #20

Hapo sawa. Lakini jibu na hili. Nimeona video ya hao morris wako wamejipaka masizi uso mzima. Wasukuma gani hao?

Mpagazi wa Sheffield #21

Nilijua litakuja, na mimi nililiona kwa macho yangu mwaka wangu wa pili. Niliondoka.

Wenyewe walikuwa na maelezo: kwamba zamani vibarua walijipaka masizi ili tajiri asiwatambue, kwa sababu kuomba pesa barabarani kulikuwa kosa. Wengine wakajibu kwamba vikundi vya karne ya 19 viliiga pia maonyesho ya jukwaani ya Wazungu waliojifanya Weusi kwa dhihaka. Julai 2020 vyama vikuu vitatu vya morris vilitoa tamko la pamoja kuacha rangi nyeusi ya uso mzima. Sasa utaona kijani, bluu, zambarau. Kuna walionuna mpaka leo.

Siasa nazo. Chama kimoja cha Wazungu wenye chuki kilianza kuwahimiza wanachama wake wajiingize kwenye sherehe za muziki huu, kwa hoja kwamba ni wa damu yao. Wanamuziki mwaka 2009 wakaanzisha harakati ya kukataa, Folk Against Fascism. Na mwaka 2022 Angeline Morrison, mwanamke Mweusi wa hukuhuku, alitoa albamu ya nyimbo alizotunga kwa mtindo wa jadi kuhusu Waingereza Weusi ambao historia iliwapita. Anaimba kavu vilevile. Hakuna aliyeweza kumwambia hajui.

Nisisahau nyimbo za mabaharia, zile za mmoja kutoa na wengine kuitikia huku wakivuta kamba. Nyingi zililelewa na vibarua Weusi waliopakia pamba kwenye bandari kama Mobile, Alabama. Ndiyo maana ukizisikia bega linacheza lenyewe.

Dereva_Msata #22

Kama ile ya TikTok ya yule posta?

Mpagazi wa Sheffield #23

Nathan Evans, Mskoti, Januari 2021. Alikuwa mpeleka barua kweli, wimbo ukamfikisha namba moja Uingereza. Ila ule asili yake New Zealand, na wataalamu wakali watakwambia si wimbo wa kuvutia kamba, ni wa kupiga soga tu. Usibishane nao, watakukalisha mpaka baa ifungwe.

Chumvi ya Pemba #24

Wanawake wako wapi kwenye uzi huu? Wanakufa tu?

Mpagazi wa Sheffield #25

Aibu yangu. Visiwa vya magharibi ya Scotland wanawake walikaa pande mbili za meza ndefu, kitambaa cha sufu kimelowa mkojo wa siku nyingi (ndiyo sabuni yao), wanakigonga mezani kukizungusha ili kikaze. Mmoja anatoa ubeti kwa Kigaeli, wengine wanaitikia silabi zisizo na maana, na kishindo cha kitambaa ndicho ngoma. Wakati wa kutwanga unaujua, sihitaji kukuelezea. Na midomo yao haikuwa na breki, wanaume waliofika karibu waliimbwa majina.

Aberdeen alikuwepo Jeannie Robertson, wa jamii ya wasafiri wanaohamahama ambao Waskoti wengi waliwadharau. Mwaka 1953 mtafiti Hamish Henderson alibisha mlangoni kwake, akamkuta na visa vya kale kichwani ambavyo wasomi walidhani vimebaki vitabuni. Huyo usimwite mkavu, ana sauti ya kutikisa sahani, lakini bado hajiweki mbele ya kisa.

Na Shirley Collins wa Sussex, ndiye ninayempenda kupita wote. Ndoa ilivunjika, sauti ikamkimbia, akaacha kabisa. Albamu yake iliyofuata ilitoka baada ya miaka 38, mwaka 2016, ana miaka 81. Sauti imeshuka, imekwaruza. Anayeanza aanze naye, asikilize za ujana halafu hiyo ya uzee.

Fidla Mbovu #26

Nimewasikiliza usiku wote hao wawili na Cox. Nimeshindwa kulala, nikajaribu kumtia bwana Shayiri kwenye utenzi. Msinicheke:

*Watatu wametokea*
*Shayiri wakamwendea*
*Kifo wakamuombea*
*Azikwe humo shambani*

*Mvua ikashukia*
*Kichwa akakiinua*
*Ndevu zikamuotea*
*Mzee wa barazani*

Chumvi ya Pemba #27

"Mzee wa barazani" nimeipenda mpaka nimeisoma kwa sauti. Lakini ubeti wa pili, mshororo wa kwanza, una mizani saba. Umehesabu m ya "mvua" peke yake. Mvu-a, mbili hizo.

Fidla Mbovu #28

Dah. Kweli. Weka "Mvua ikamwangukia".

Mpagazi wa Sheffield #29

Iache ilivyokuwa. Wale wazee wangeivuta hiyo "a" ya mvua mpaka nane itimie, na Grainger angekesha akitafuta namna ya kuiandika.

Chumvi ya Pemba #30

Huko kwenu Sheffield vuteni mtakavyo. Pemba ni saba.